Mnyama kapigwa lakini haanguki: kutafuta kosa kwenye risasi

Kongoni dume alisimama ubavu ukingoni mwa mbuga, upande wa Liwale karibu na Mto Matandu, jua la Oktoba likiwa limeshachomoza vya kutosha. Mgeni wangu wa uwindaji aliegemeza bunduki kwenye fito tatu, akatulia, akapiga. Tulisikia mpigo ukigonga mwili. Sauti ile, kama kofi kwenye gunia la mahindi, haifichiki. Kongoni aliruka, akaingia kwenye miombo, akapotea. Tulimfuata kwa muda wa saa nne juu ya majani yaliyoungua, damu ikiwa tone hapa na tone kule, mpaka risasi ya pili ikamaliza kazi.

Tulipomchuna, tundu la kuingilia lilikuwa nyuma kidogo ya bega, na la kutokea lilikuwa na ukubwa uleule. Mfuatiliaji nyayo wetu, mzee wa Kingindo, alitia kidole kwenye tundu la kutokea, akanitazama. "Hii haikubisha hodi, mwanangu. Imepita tu."

Mgeni alilaumu bunduki, lakini bunduki haikuwa na kosa. Usiku ule kambini nilimuuliza alichojaza kwenye yale maganda, maana risasi zake alizijaza kwa mkono nyumbani kwake Marekani. Akaniambia: kichwa, yaani kile kinachoruka, cha shaba tupu cha greni 180 (gramu 11.7 hivi), bunduki ya .308 Winchester (namba hiyo ni upana wa kichwa kwa sehemu za inchi), na baruti ameipunguza kwa sababu bega lake linauma na hapendi teke la bunduki. Kwa kipimo chake, risasi ilitoka mtutuni kwa kasi ya mita 730 hivi kwa sekunde. Kongoni alikuwa karibu mita 280. Kichwa kile kilipomfikia, kasi ilikuwa imeshuka chini ya mita 600, na vichwa vingi vya shaba tupu vinahitaji kama mita 610 kwa sekunde ili vifunguke inavyotakiwa. Kilikuwa kichwa kizuri, kilichofika kimechoka.

Tangu siku ile, kila mnyama aliyepigwa akakimbia, na kila bunduki iliyokataa kupiga pale pale, naitafutia sababu kwa mpangilio. Mpangilio huo ndio nauandika hapa, kwa mwindaji mwenye leseni na kwa vijana wanaojifunza kazi hii kwenye vitalu vya Lindi na Mtwara.

Kwanza sheria, ili tusipotezane. Kutengeneza au kujaza risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wote unaongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kambini hatujazi risasi. Hatufungui ganda, hatupunguzi baruti, hatubadilishi fataki. Risasi za mkono tunazokutana nazo zinaletwa na wageni kutoka nchi ambako kujaza ni halali, zikiwa ndani ya kibali chao cha silaha. Kazi yetu ni kuzijua, kuzipima kabla ya kuingia porini, na kuzikataa zinapostahili kukataliwa.

Pili, maneno. Sisi tunaita "risasi" kitu kizima, tunaita "risasi" kile kinachoruka, na madini ya ndani nayo ni risasi. Hapa nitasema ganda kwa kile cha shaba ya njano kinachobaki, fataki kwa kile cha kitakoni kinachowasha, baruti kwa unga wa ndani, na kichwa kwa kile kinachokwenda kwa mnyama. Kwenye bunduki, chemba ni pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na komeo ni kile kinachoifunga.

Tatu, kulungu. Pakiti nyingi za vichwa na risasi kutoka Marekani zina picha ya kulungu wa kwao, yule mwenye pembe za matawi. Mnyama huyo hatunaye Tanzania. Dume lake huwa na kilo 60 hadi 130 hivi, mbavu nyembamba, bega la kawaida. Kwetu anayemkaribia ni swala pala, tohe au pongo. Kongoni anaanzia kilo 125 na kupita 170, nyumbu wa Nyasa na palahala wanapita 200, na pofu dume anaweza kufika kilo 700 na zaidi. Mtu akija na pakiti yenye picha ya kulungu akaelekeza kwa palahala, ameshaanza na kosa kabla hajagusa kifyatuo.

Dalili: tundu dogo kuingia, tundu dogo kutoka, damu haba

Kabla ya kulaumu kichwa, rudi pale mnyama aliposimama. Kosa la mahali pa kupiga ni la kawaida kuliko kosa la risasi, na mpigaji mara nyingi hakubali mpaka aonyeshwe. Angalia damu. Nyekundu ya waridi yenye povu imetoka kwenye mapafu, na mnyama hayupo mbali. Nyekundu nzito iliyokolea, karibu na hudhurungi, ni ya ini. Subiri nusu saa au zaidi. Ukiona majimaji ya kijani au majani yaliyotafunwa, umepiga tumbo. Hapo hakuna kichwa duniani ambacho kingekusaidia. Kaa chini, subiri saa kadhaa ikiwa mwanga unaruhusu, kwa sababu ukimkurupusha atakwenda mpaka usipoweza kwenda wewe.

Wanyama wetu wana moyo na mapafu mbele zaidi na chini zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mgeni aliyezoea kulenga nyuma ya bega kwa upana wa kiganja, kama anavyompiga kulungu wa kwao, kwetu anakata nyuma ya mapafu. Mnyama akisimama ubavu kamili, panda na mguu wa mbele mpaka theluthi moja ya kimo cha mwili, hapo hapo.

Ikiwa mahali palikuwa sawa na tundu bado ni dogo, sasa uliza kasi ya kufika. Watu huuliza kasi ya kutoka, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye pakiti, lakini mnyama hakutani na kasi ya mtutuni. Chukua .308 yenye kichwa cha kawaida cha greni 150, yaani gramu 9.7. Inatoka kwa kasi ya mita 860 hivi kwa sekunde. Kichwa chenye umbo la kawaida, si kile chembamba cha masafa marefu, kikifika mita 300 kimebaki na mita 600 tu au pungufu kidogo. Kichwa cha madini ya risasi chenye koti jembamba bado kinafunguka kwa kasi hiyo, maana aina hiyo huhitaji kama mita 550. Cha shaba tupu kiko mpakani. Punguza baruti, au fupisha mtutu, na umeshavuka mpaka kuelekea upande mbaya.

Dawa yake si kuongeza baruti. Dawa ni moja kati ya tatu: sogea karibu, chukua kichwa laini zaidi, au, ukitaka shaba tupu, chukua chepesi zaidi ili kiende kasi. Shaba tupu haipotezi uzito mwilini, kwa hiyo greni 150 za shaba hufanya kazi ambayo zamani tuliiachia greni 180 za madini ya risasi. Yule mgeni wa Matandu angechukua greni 150, bega lake lingepona na kongoni wake angelala palepale.

Kuna sababu nyingine ndogo ambayo huwa naikuta kwenye vichwa vyenye tundu nchani: tundu limezibwa na uchafu, au ncha imebondwa kwa kugonga mbele ya magazini kila bunduki inaporusha teke. Toa risasi zote za chini kwenye magazini uzitazame. Inachukua dakika moja.

Dalili: jeraha kubwa begani, mnyama anakwenda kwa miguu mitatu

Hili ni kosa la upande wa pili, na linaniuma zaidi, kwa sababu mnyama anateseka sana na mara nyingi hapatikani. Kichwa kimepasuka kwenye bega kabla ya kuingia ndani. Ukichuna unakuta nyama imesagika kama imepitishwa mashineni, vipande vya koti la shaba kila mahali, na mapafu hayajaguswa.

Sababu ni kasi kubwa mno kwa kichwa laini mno. Mgeni anakuja na bunduki ya milimita 7 ya nguvu kubwa aliyoiandaa kwa kupiga mita 400 milimani kwao. Kichwa chake ni chembamba, chenye koti jembamba, kimetengenezwa kifunguke hata kikifika polepole. Halafu miombo inampa nyumbu kwa mita 60. Kichwa kinafika bado kina karibu kasi yake yote, kinagonga mfupa wa bega, kinalipuka. Vichwa vya mashindano ya shabaha hufanya hivyo pia. Vinapiga tundu moja juu ya jingine kwenye karatasi, na mtu anavipenda kwa hilo, lakini vingi havikutengenezwa kwa ajili ya mwili.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1946 huko Canada, Mmarekani John Nosler alimpiga paa mkubwa wa kaskazini aitwaye moose, na vichwa vyake vikapasuka kwenye ngozi iliyokauka tope bila kuingia ndani. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Mwaka 1948 alianza kuviuza kwa jina la Partition, na mpaka leo naviona kwenye mikoba ya wageni. Baadaye vikaja vichwa ambavyo madini yake yameunganishwa na koti yasiachane, na vile vya shaba tupu.

Kwa uwindaji wetu, ambapo asubuhi unaweza kupiga mita 50 msituni na jioni mita 250 mbugani, nachagua kichwa kigumu kidogo kuliko kilaini kidogo. Kinachopita bila kufunguka vizuri bado kimetoboa mapafu mawili. Kinachopasuka begani hakijatoboa chochote cha maana. Najua wapo wenzangu wanaopinga, hasa wale wanaopiga swala pala tu.

Na kuna jambo la nyama. Sehemu ya nyama yetu inakwenda vijijini, inaliwa na watoto. Kichwa cha madini ya risasi kikipasuka hutawanya chembe ndogo mbali na jeraha, nyingine huwezi kuziona kwa macho. Kata nyama ya jeraha kwa upana na uitupe, hata kama inaonekana nzima. Anayetumia shaba tupu amejiondolea wasiwasi huo.

Dalili: komeo limekuwa gumu kuinuka, fataki zimebapa, risasi zinapanda juu

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Risasi hizi za wageni zilijazwa na kupimwa kwenye baridi. Mtu wa Montana kule Marekani au wa Uswidi anapima mzigo wake wa baruti kwenye nyuzi 5 au 10, anafika mwisho wa kipimo cha kitabu cha kujazia, anaona kila kitu kiko sawa, anafunga sanduku. Halafu anakuja Lindi mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, ambapo kivulini tu joto linapita nyuzi 30. Risasi ziko kwenye mkanda kiunoni juani, au juu ya dashibodi ya gari, ambako joto huweza kupita nyuzi 60. Baruti ya moto huungua kwa kasi zaidi. Shinikizo la gesi linapanda. Kwa baruti zinazoathirika na joto, tofauti ya nyuzi 40 inaweza kuongeza kasi kwa mita 20 au zaidi kwa sekunde. Kasi hiyo inasogeza tundu kwenye karatasi kidogo tu. Kinachotisha ni shinikizo lililo nyuma yake, ambalo halikuwa na nafasi ya kuongezeka.

Dalili zinakuja kwa ngazi. Kwanza fataki inabapa, kingo zake za mviringo zinapotea. Hiyo peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu fataki nyingine ni laini kwa asili. Kisha kitako cha ganda kinapata alama inayong'aa, mviringo wa kile kipini kinachorusha ganda nje. Kisha komeo linakataa kuinuka kwa kidole na linataka kiganja. Mwisho fataki inachomoka au inatoboka, na gesi inarudi nyuma kuelekea usoni.

Komeo likiwa gumu mara moja, uwindaji wa risasi hizo umekwisha. Si kupiga moja zaidi kuhakikisha. Si kugonga komeo kwa kipande cha mti. Nimewahi kumwona mtu akiligonga kwa nyundo ya mpira ya gari, na mpaka leo nikikumbuka mikono inanitoka jasho. Shusha bunduki, mtutu uelekee salama, subiri ipoe, fungua, toa zote, ziweke kando. Rudi kambini utumie risasi za kiwandani, ambazo zimetengenezwa zikiwa na nafasi ya joto. Kama mgeni hana za kiwandani, apige na bunduki ya kambi. Atanuna siku moja, macho yake atarudi nayo nyumbani.

Kabla ya kuliita shinikizo, angalia mambo mawili yanayofanana nalo. La kwanza ni chemba chafu au yenye mafuta: mafuta ndani ya chemba huzuia ganda kushika ukuta, kitako kinasukuma komeo kwa nguvu zaidi. Futa chemba ikauke. La pili ni ganda ambalo halikurudishwa vizuri kwenye kipimo chake wakati wa kujazwa. Hilo ni gumu kuingia pia, si kutoka tu. Shinikizo la kweli huanza na kuingia kwepesi na kutoka kugumu.

Kwa mgeni anayeandikiana nawe kabla ya safari, mwambie mapema. Asije na mzigo ulioko kwenye kikomo cha juu cha kitabu. Achague baruti isiyoyumbishwa sana na joto. Kampuni ya Hodgdon kwa mfano wanazo baruti za Varget na H4350, na wajazaji wanazifahamu. Aanze chini na kupanda taratibu kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, na kipimo cha mwisho akifanye siku ya joto kali ya kwao, risasi zikiwa zimekaa kwenye joto la kweli. Huku kwetu, risasi zikae kwenye sanduku, sanduku likae kwenye kivuli, na risasi isiachwe ndani ya chemba iliyopata moto baada ya kupiga mfululizo.

Dalili: bunduki iliyopiga vizuri nyumbani sasa inatawanya

Hapa watu hukimbilia kichwa na baruti, na kwa uzoefu wangu mara nyingi ni skrubu. Barabara ya Nangurukuru kwenda Liwale ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu ya vumbi yenye mawimbi kama ya bati inatikisa gari mpaka meno. Skrubu za darubini zinalegea. Skrubu za kushikilia mtutu kwenye mti wa bunduki, ule ubao unaoubeba, zinalegea. Kila bunduki inayoshuka garini lazima ipige karatasi kambini kabla ya kuingia porini, hata kama mwenyewe anaapa kwamba haijaguswa. Kaza kwanza, piga tatu, kisha ndipo uanze kufikiri.

Ikiwa zimekaza na bado inatawanya, tazama mti wa bunduki. Bunduki iliyokaa Mtwara mjini au Kilwa wiki nzima kwenye unyevu wa pwani, halafu ikapanda bara kwenye ukavu, mti wake unavimba na kusinyaa. Pitisha noti ya karatasi kati ya mtutu na mti. Ikikwama mahali ambapo zamani ilipita, umepata kosa.

Kisha usafi. Mtutu uliopigwa shaba tupu baada ya kupigwa vichwa vya koti la kawaida, bila kusafishwa katikati, huwa na hasira. Toa shaba kwa dawa yake mpaka kitambaa kisitoke na kijani wala buluu. Piga mbili za kuuzoesha, ndipo upime.

Mwisho kabisa, misokoto ya mtutu. Kila mtutu una misokoto inayozungusha kichwa, na kila msokoto una urefu wa kichwa unachoweza kukituliza. Wengi wanasema uzito. Kwa kweli ni urefu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu cha greni 180 ni kirefu kuliko cha madini ya risasi cha uzito huohuo. Baadhi ya bunduki za .308 zina msokoto mmoja kwa inchi 12, na huko kichwa kirefu hakitulii. Dalili yake iko kwenye karatasi: tundu si la mviringo, lina umbo la yai au la kichwa kilichoingia kwa ubavu. Ukiona hivyo hakuna cha kurekebisha porini. Badilisha kichwa, chukua kifupi.

Dalili: inatoa sauti ndogo, inachelewa, au haiwaki

Haikuwaka: mtutu uelekee salama, hesabu polepole sekunde 30 kabla ya kufungua komeo, maana fataki huweza kuchelewa. Tazama alama ya pini kwenye fataki. Alama nyepesi, kosa liko kwenye bunduki: mafuta mazito na vumbi kwenye njia ya pini. Alama nzito, kosa liko kwenye fataki: imeingia unyevu au mafuta, au haikukaa mpaka chini wakati wa kujazwa.

Sauti ndogo ni hatari kuliko kimya. Ikisikika kama imekohoa, bila teke, usiweke nyingine. Kichwa huenda kimekwama katikati ya mtutu. Toa komeo, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma. Risasi ya pili nyuma ya kichwa kilichokwama inapasua mtutu.

Dalili: imepita pembeni, na nyasi zilikuwa katikati

Wapo wanaoamini kichwa kizito na cha polepole hupenya vichaka bila kupinda. Hakuna kichwa cha namna hiyo. Tawi la kidole kimoja linaweza kukipindua chochote, kikubwa au kidogo, na mpindo mdogo mita 20 kabla ya mnyama unatosha kuhamisha tundu kutoka mapafuni hadi tumboni. Suluhisho ni kutopiga. Zunguka, subiri, au mwache.

Ninavyochagua

Kwa swala pala, tohe na pongo, masafa ya mita 50 hadi 250: .270 yenye greni 130 au 140, au .308 yenye greni 150, kichwa cha kawaida chenye koti zuri. 7x57, iliyozaliwa mwaka 1892, bado inafanya kazi hii kwa upole na haiumizi bega. Kwa kongoni, nyumbu, kuro na palahala: .308 au .30-06 yenye greni 165 hadi 180 zilizounganishwa au zenye ukuta, au 150 hadi 165 za shaba tupu, na nisipige zaidi ya mita 250 bila sababu. Kwa pofu nachukua .375. Nyati na wenzake wana kiwango chao kisheria, ambacho hakianzii chini ya .375, na si mada ya leo.

Nalenga bunduki ipige sawasawa mita 200. Kwa .308 yenye greni 150, hapo mita 100 tundu linakuwa juu kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na mita 300 linashuka kama shibiri moja. Mwili wa kongoni unasamehe vidole, hausamehi shibiri. Ndiyo maana umbali lazima uujue, usiubahatishe.

Na mnyama akiangukia mbele yako, usimwache mchunaji afanye peke yake. Tafuta kichwa. Mara nyingi kinakaa upande wa pili, chini ya ngozi, ukikipapasa unakihisi kama kokoto. Kioshe, kipime kwenye mizani. Cha kawaida chenye koti huwa kimebaki na nusu au zaidi kidogo ya uzito wake, chenye ukuta huwa kimebaki na theluthi mbili hivi, kilichounganishwa zaidi ya robo tatu, na cha shaba tupu karibu wote. Kisipofika hapo, kasi ilikuwa kubwa kuliko kilivyotengenezwa. Kikibaki na umbo lake la mwanzo, kasi ilikuwa ndogo. Kifunge kwenye kipande cha karatasi, andika mnyama, umbali na siku, ukiweke kwenye kopo. Kopo langu limejaa, na kile cha Matandu hakimo: kilitoka upande wa pili kikaenda zake.